Nyundo Ndogo ya Namkunda

"Gasketi haionekani mpaka iungue." Mmemsikia mjomba wenu akiitamka, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapahapa Mombo, nami nilikuwa jirani wa ukuta mmoja.

Fundi Shekigenda alikuwa na mkewe, Namkunda. Hawakujaliwa mtoto. Namkunda ndiye aliyekata gasketi za karakana, zile za kuziba maungio ya injini yasivuje: alitandika karatasi ngumu juu ya chuma, akagongagonga kingo kwa nyundo ndogo, ko, ko, ko, mpaka umbo likajichora. Sauti ile ndiyo iliyokuwa saa yangu ya asubuhi.

Mwaka mmoja fundi akaifungia gari yake tabo, ile ya kuisukumia injini pumzi, aipandishe mlima wa Lushoto mbele za watu. Iling'aa! Vijana walijaa kuitazama.

"Fundi," Namkunda akamwambia, "gasketi zangu ni za vifuniko tu. Kwenye hedi, kichwa cha injini, kwa nguvu hiyo, tia gasketi ya chuma, ya matabaka. Na hedi ikasawazishwe kwanza."

"Gasketi nani ataiona?" fundi akacheka. "Ile ya zamani bado nzima. Nitaipaka gamu."

"Haionekani mpaka iungue," akajibu, akaweka nyundo chini.

Siku ya Jumanne Namkunda alisimama mlangoni na begi. "Fundi, narudi kwetu Usangi."

Fundi, kichwa kimezama kwenye injini, akaitikia, "Ee."

Jumapili gari ilipanda kona tatu. Kwenye ya nne ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Gasketi imeungua, maji yameingia kwenye oili. Washangiliaji wakateremka zao.

Alipovutwa hadi nyumbani akaita, "Namkunda! Niletee ndoo!" Kimya. Akaja ukutani kwangu.

"Mama Kihiyo, umemwona mwenzangu?"

"Mwenzio kaondoka tangu Jumanne. Si alikuaga?"

"Jumanne?"

"Ukaitikia 'ee', nilisikia. Siku tano hujamkosa wewe. Mie nimeikosa nyundo yake."

Akakaa juu ya tairi.

Baadaye alisawazisha hedi, akatia gasketi ya chuma. Gari ikapanda milima yote mpaka Usangi. Ikarudi vilevile, kiti cha pembeni kitupu.

Kesho yake asubuhi nikasikia ko, ko, ko. Moyo ukaruka, nikachungulia. Alikuwa fundi, anagonga chuma kitupu, karatasi hakuna. Akainua macho, akaniona.

"Mama Kihiyo," akasema, "gasketi haionekani mpaka iungue."