Mvuvi Aliyepiga Magoti

Paukwa!

Pakawa!

Basi sogeeni. Na wewe uliyekaa nyuma, acha kunitazama kwa jicho la pembeni, sijala chakula chako.

Hapo zamani za kale, juu mlimani, palikuwa na kijiji na mto. Maji yake yalikuwa baridi na maangavu, unaona mpaka kokoto za chini. Humo waliishi samaki wa madoadoa, watamu lakini wajanja. Masika, maji yakichafuka, watu waliwanasa kwa mitego. Kiangazi, maji yakitakata, samaki waliuona mtego wakaupita. Watu wakala ugali mkavu.

Kisha akaja Kiariro, kijana wa mlima wa pili, akamwoa Nahana, mjukuu wa Bibi Namkunda. Kiariro alifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoana, yakafanana na mdudu. Akayarusha juu ya maji, fyuu! Samaki akaruka, chubwi! Akawafundisha wanaume wote wa kijiji. Wakafunga, wakarusha. Fyuu, kimya. Fyuu, kimya. Kila jioni Kiariro anarudi na samaki, wenzake wanarudi na manyoya yaliyolowa.

Mngekuwa ninyi mngesemaje? Aa, hata wao walisema hivyo hivyo.

Mashombo, mfua chuma, ndiye aliyesema waziwazi. "Ndoana nimefua mimi. Manyoya ni ya majogoo wetu. Mto ni mmoja. Huyu ana kitu."

"Kitu gani?" wakamuuliza.

"Akifika mtoni anapiga magoti. Anamwabudu nani mle majini?"

Watu wakatazamana. Kijijini pale wanawake na watoto waliwapigia magoti wakubwa wao, ila mwanamume hakumpigia magoti mtu yeyote, sembuse mto.

Wakaanza kumfuata. Akienda mtoni, wapo ukingoni wamesimama, wanamkodolea macho. Tangu siku hiyo Kiariro naye akarudi mikono mitupu. "Mmeona?" akasema Mashombo. "Kajua tunamchunguza, kawafungia samaki wake." Maneno yakazagaa. Wakataka afukuzwe, na mkewe amfuate, ingawa Nahana alikuwa na mimba kubwa na njia ya mlimani ni mbaya.

Shauri likapelekwa kwa Bibi Namkunda, maana kijiji kizima kilisikiliza neno lake. "Niacheni kwanza nikaone," akasema.

Msidhani yeye hakumshuku. Alimshuku sana. Alikuwa amekula samaki wa mkwe wake siku nyingi, na sasa kila akikumbuka, anasukutua kinywa. Lakini akimfukuza Kiariro, mjukuu wake atazalia njiani. Usingizi ulimpaa.

Asubuhi akamfuata Kiariro kimyakimya, akasimama nyuma yake ukingoni, kashika fimbo. Kiariro akapiga magoti. Fyuu! Samaki akachomoza chini ya jiwe, akageuka, akatoroka. Fyuu! Akatoroka tena. "Kweli ana kitu huyu," bibi akawaza, roho ikamuuma.

Magoti yakamchosha bibi, akaketi nyasini. Fyuu! Chubwi! Samaki huyo! Bibi akainuka kwa mshangao, samaki wote wakatawanyika. Akaketi, wakarudi. Akainuka, hawapo. Akatazama chini. Kivuli chake kirefu, pamoja na fimbo yake, kilikuwa kimelala juu ya maji.

Bibi akacheka peke yake. Kisha akaacha, maana aliona aibu.

"Mwanangu, mbona hukuwaambia wenzako wapige magoti?"

"Niliwaambia, bibi. Wakacheka. Wakasema wao si wanawake."

Bibi akaita kijiji kizima mtoni. Akamweka Kiariro ng'ambo ya pili. Watu wakajipanga ukingoni, wamesimama wima.

"Mnaona samaki?"

"Hatuoni."

Basi Bibi Namkunda, ambaye wanawake na watoto wote walimpigia magoti, akaegemea fimbo yake, akashuka taratibu. Ko! Goti moja. Ko! La pili. Wanawake wakashuka. Watoto wakashuka. Wanaume wakatazamana, wakashuka mmoja mmoja. Akabaki Mashombo.

"Mashombo," akasema bibi, "samaki wanakungoja wewe tu."

Akashuka, uso umemvimba kwa hasira. Vivuli vikaondoka majini. Samaki wakatoka chini ya mawe, mmoja, na mwingine, na mwingine. Bibi akampa Mashombo ufito wenye ndoana ya manyoya. "Rusha."

Fyuu. Chubwi!

Mashombo akamvuta samaki mpaka ukingoni. Alipoinua macho akamwona Kiariro ng'ambo, amepiga magoti, wanatazamana. Alitaka kusimama. Hakusimama.

"Nisamehe, kijana," akasema.

"Nimekusamehe, mzee," akajibu Kiariro. "Ila inama kidogo tena. Kivuli cha kichwa chako bado kiko majini."

Nahana alijifungulia nyumbani, mikononi mwa bibi yake.

Basi, wasikilizaji wangu, kabla hujamshuku mwenzako, tazama kwanza kivuli chako kimeangukia wapi. Ngano yangu nimeiacha pale pale mtoni. Anayeitaka aifuate, ila apige magoti.