Fomu ya Tusekile Ina Mstari Mmoja

Sogeeni. Anayependa kudakia maneno ya wenzake ajizuie kidogo, maana kesi hii mtaiamua ninyi, na yule inayemhusu hana muda.

Palikuwa na watu watatu Mwanjelwa, Mbeya. Subilaga alikuwa na mkono usiochoka kuandika. Kila karatasi iliyopita mbele yake aliinakili. Ambakisye, mhasibu mstaafu wa kiwanda cha chai, alikuwa na jicho la kodi. Alijua gharama ipi inakubalika na ipi haikubaliki. Bupe, karani wa kampuni ya ujenzi, alikuwa na msimamo. Msicheke. Hicho nacho ni kipaji, tena adimu kuliko hivyo viwili.

Wote watatu walimfahamu Tusekile, dada yake Subilaga, fundi wa umeme wa jua. Tusekile hakuajiriwa na mtu. Alipewa kazi kwa mkataba, akafunga paneli, akalipwa, akaondoka. Sasa angalieni. Aliyeajiriwa hukatwa kodi na mwajiri wake, yeye anapokea kilichobaki. Aliyejiajiri anajibebea mwenyewe, na kila shilingi aliyoitoa kununua betri lazima aitolee risiti. Asipoitoa, inahesabiwa kuwa faida yake. Mtu kashinda juu ya bati la moto, halafu anatozwa kama aliyekuwa anakula bata!

Mwaka huo ikatangazwa zabuni ya kufunga umeme kwenye zahanati saba. Tusekile alikuwa ameisubiri kazi kama hiyo miaka sita. Ilidai hati ya kuonesha kwamba mwombaji hadaiwi kodi, na mwisho ulikuwa Ijumaa, saa kumi jioni.

Jumatatu akaharibu. Aliogopa maandishi ya risiti yasije kufutika, akazibeba zote akazipiga laminesheni. Lakini risiti zile za mashine huandikwa kwa joto. Zilipopita kwenye moto wa laminesheni zikatoka na plastiki inayong'aa, na ndani nyeusi tii. Risiti mia mbili na kumi na nne.

Jumatano afisa wa kodi aliinua moja dirishani, akaigeuza, akaiinua nyingine.

"Fundi, hapa umeniletea mkaa."

Hakuwa anamdhihaki. Alimweleza kwamba asipoona gharama hawezi kuzikata, na bila kuzikata kodi ni milioni tisa. Tusekile alikuwa na laki tano na nusu.

Subilaga ndiye aliyetangulia kusaidia. Miaka miwili alikuwa akinakili kwenye daftari namba ya uhakiki ya kila risiti iliyoingia karakanani, kilichonunuliwa na bei yake, na dada yake alikuwa akimtania kwamba anacheza bahati nasibu. Sasa akalitoa daftari. Kwa namba hizo afisa angeweza kuiona kila risiti kwenye mfumo wake. Hakuna namba iliyokosekana.

Ambakisye akafuata. Alhamisi nzima aliketi na lile daftari, akitenga nyaya huku, mafuta ya pikapu huku, pango la karakana huku. Tusekile, kwa hofu, akamwomba achomekee na friji.

"Friji iko karakanani?" akauliza Ambakisye.

"Iko nyumbani, baba."

"Basi ibaki nyumbani."

Akamweleza kwamba gharama moja ya uongo ingetosha afisa asiamini hata zile za kweli. Kisha akasaini hesabu kwa jina lake, kwamba uongo ukionekana aulizwe yeye. Kodi ikashuka hadi milioni mbili na laki nne.

Bado hakuwa nazo. Ila kampuni ya akina Bupe, iliyompa Tusekile kazi zake zote za mwaka, ilikuwa imemkata kodi ya zuio, ile inayotangulizwa serikalini kwa jina lake, kila ilipomlipa, milioni moja na laki tisa kwa jumla, na hati ya kuthibitisha hilo hawakumpa. Haki yake, wameikalia! Meneja alimwambia Bupe aachane nayo. Bupe akaichapa, akaigonga muhuri, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, akampelekea Tusekile mkononi. Mchana huohuo akapewa barua ya kuachishwa kazi.

Ijumaa saa nane afisa akapiga hesabu. Ilibaki laki tano. Tusekile akalipa, akapewa hati, wote wanne wakakimbia hadi ofisi ya zabuni. Huko, saa tisa na nusu, ndipo fomu ilipoonesha mstari wake wa mwisho: jina la mbia mmoja, atakayegawana kazi na malipo nusu kwa nusu. Mmoja tu. Ukiachwa wazi, maombi hayapokelewi.

"Dada," akasema Subilaga, "bila daftari langu ungekuwa unauza pikapu sasa hivi."

"Daftari lilikuwa na namba," akasema Ambakisye. "Namba hazijitetei mbele ya afisa. Na aliyeweka sahihi yake rehani ni mimi."

Wakamgeukia Bupe. Alikuwa bado na ile barua ya kuachishwa kazi, ameikunja mara nne.

"Mimi sidai kitu," akasema. "Nauliza tu, Jumatatu naamkia wapi?"

Msiniletee jibu la kugawana, fomu haijui kugawana. Wala msiniambie Bupe apewe kwa huruma. Mkimpa, mpeni kwa hoja. Mkisema Subilaga kwa kuwa ni ndugu, nitawauliza undugu ulikata kodi kiasi gani. Na mkisema Ambakisye kwa kuwa ndiye msomi, nitawauliza angesoma nini bila daftari.

Karani wa zabuni ameshaanza kufunga madirisha. Tusekile ameshika kalamu, wote watatu wanamtazama mkono. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele: ungekuwa ndiye Tusekile, ungeandika jina la nani?