Msemaji wa Kisima Yuko Kikaoni

Jumanne, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, ukingo wa kaskazini wa kisima cha Mbugani ulimeguka na kuporomokea ndani. Ulikuwa mwaka wa ukame mkali, na kisima kingine hakikuwepo. Sasa kilibaki kidimbwi cha tope ambacho hata vyura walikilalamikia.

Ndovu peke yao ndio wangeweza kukichimbua. Walikuwa wamepiga kambi ng'ambo ya kilima, tayari kuhamia mto wa mbali, na hawakumsikiliza mjumbe wa mtu yeyote. Walisikiliza habari za jioni tu, zilizosomwa na Kanga juu ya kichuguu chake, kwa sababu Kanga hakutangaza jambo asilouliza.

Mwenyekiti wa Chama cha Kisima alikuwa Simba, aliyetembea polepole hata alipochelewa, ili watu wapate muda wa kumtazama. Alikwisha kutoa amri: atakayezungumza na waandishi ni msemaji, basi. Msemaji alikuwa Fisi.

"Mzee, uhusiano na waandishi hujengwa tumboni," Fisi alimwambia. "Nipe karanga, mihogo na asali ya takrima. Watatusifu mpaka uone haya."

"Mimi sioni haya," alisema Simba, akaidhinisha.

Adhuhuri Kanga akafika ofisini. Sungura, katibu wa chama, alikwenda kugonga mlango wa Fisi.

"Mwambie niko kikaoni," ilijibu sauti kutoka ndani.

"Kikao na nani?"

"Na ajenda."

Kanga akatega sikio. "Dada Sungura, mbona kikao chenyewe kinatafunwa?"

Sungura alitazama chini. Alikuwa na watoto sita wenye midomo mikavu, na jibu alilijua.

"Nauliza moja tu," Kanga alisema. "Ukingo umeanguka, haujaanguka? Natangaza jioni."

"Msemaji atakuambia," Sungura alijibu, akajichukia.

Jioni Kanga akapanda kichuguu. "Kuhusu kisima cha Mbugani, tuliuliza kama ukingo umeanguka. Msemaji yuko kikaoni." Ng'ambo ya kilima, ndovu wakaanza kufunga mizigo.

Simba alinguruma. "Mwandishi gani asiye na shukrani? Karanga zangu zote amekula."

"Amekula lini, Mzee?" aliuliza Sungura.

"Kwa siri," Fisi aliwahi. "Waandishi wana aibu."

Sungura alifikiri kidogo. "Basi kesho tumlishe hadharani, palepale kisimani. Msemaji asome taarifa, nasi sote tumwone Kanga akila."

Simba alipenda, maana kungekuwa na watazamaji. Fisi alipenda zaidi, maana kungekuwa na takrima nyingine.

Jumatano mchana Sungura alitandika jamvi mahali pagumu, akawaketisha wageni. Mtungi wa asali akausukuma kwa mti mrefu hadi kwenye mdomo wa kipande cha ukingo wa kaskazini kilichobaki kikining'inia.

Fisi akaanza kusoma. "Chama kinapenda kuutaarifu umma kwamba kisima ki imara..." Pua ikageukia mtungi. "Ki imara kabisa. Waandishi wasisogee, kwa usalama wao." Akasogea yeye. "Imara kuliko..." Akatumbukiza kichwa mtungini, na ukingo ukaondoka naye.

Vumbi lilipotulia, alionekana chini, tope kifuani na mtungi kichwani.

Kanga aliinama kwa adabu. "Msemaji, ukingo umeanguka, haujaanguka?"

"Niko kikaoni," ulijibu mtungi.

Wanyama walicheka hadi punda milia mmoja akalazimika kuketi. Kisha kicheko kikaisha, macho yote yakamgeukia Simba. Alitazama mbali, kama mtu anayekumbuka kitu muhimu.

"Mzee," Sungura alisema taratibu, "ndovu wanaondoka kesho alfajiri. Kanga anataka sentensi moja tu."

Simba akameza mate, aliyokuwa nayo machache. "Umeanguka. Tangu jana asubuhi, nami nilijua. Tunaomba ndovu watusaidie."

"Ahsante, Mzee. Ndilo nililolifuata jana."

"Chukua basi karanga kidogo."

"Nimekula nyumbani."

"Na hilo la mtungi, utaliacha?"

"Siliachi, Mzee."

Kanga alitangaza yote mapema, jua likiwa bado juu ya kilima. Ndovu walicheka, wakafungua mizigo, wakafika kabla giza halijaingia. Walimwopoa Fisi kwanza, kwa sababu alikuwa amekalia mahali pa kuchimba, kisha wakambebesha udongo. Hapohapo Simba akampa Sungura usemaji.

Alhamisi asubuhi Kanga alifumbua macho akamkuta Sungura ameketi chini ya kichuguu, mikono mitupu, miguu imejaa umande.

"Mbona mapema hivi, dada? Kuna sifa za kutangaza?"

"Hapana," alisema Sungura. "Ukingo wa kusini nao una ufa. Twende ukauone kabla haujaanguka."