Ishirini za Kitanda cha Tisa

Alikuwepo mwanafunzi mmoja wa uuguzi, mwaka wa pili, aliyepelekwa hospitali kwa mafunzo ya vitendo. Msichana mwema. Anawahi kazini, ana adabu, sare yake imepigwa pasi. Siku ya kwanza sista wa wodi alimkabidhi karatasi za vipimo za wagonjwa kumi na wanane, akamwambia, "Joto na presha utapima kwa kifaa. Pumzi utazihesabu mwenyewe. Simama, tazama kifua kinavyopanda na kushuka, dakika nzima. Mgonjwa akianza kuzidiwa, mara nyingi pumzi ndizo zinazobadilika kwanza."

Dakika nzima, ndugu zangu! Hebu jaribuni hapo mlipo kumtazama jirani yenu dakika nzima bila kusema neno. Mtachoka. Sasa zidisha mara kumi na nane, na daktari anaingia raundi saa tatu.

Siku ya kwanza alihesabu wote. Siku ya pili alihesabu nusu ya wodi. Siku ya tatu akaona wenzake wa mwaka wa mwisho wanavyofanya. Wanatazama zamu iliyopita imeandika ngapi. Imeandika ishirini, nao wanaandika ishirini. "Watu wengi wanapumua hapo hapo," mmoja akamwambia, "huwezi kukosea sana." Basi naye akaandika ishirini. Karatasi zikawa safi, zinapendeza. Daktari anapita, anasoma, anasonga mbele.

Kitanda cha tisa alilazwa bibi mmoja mwenye nimonia. Jumatano jioni mtoto wake, mama wa makamo, alimfuata yule mwanafunzi.

"Sista, mama yangu naona anahema sana leo."

Mwanafunzi akatazama wapi? Kifuani kwa bibi? Hapana. Akatazama karatasi.

"Ishirini, mama. Ni kawaida. Usiwe na wasiwasi."

Na ishirini hiyo aliiandika nani? Ni yeye mwenyewe, saa nane mchana, akiwa amesimama mlangoni! Mnaona tulivyo? Mtu anaandika uongo mchana, jioni anausoma, na anauamini. Yule mama akashukuru, akaenda zake nyumbani. Wa zamu ya usiku naye akaja, akaona ishirini, akaongeza ya kwake.

Alhamisi asubuhi bibi alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani, ameelekea ukutani. Mwanafunzi akasema moyoni, amelala, nisimsumbue. Huruma kabisa. Akanakili vipimo vyote vitatu vya jana. Mlangoni akamkuta yule mama na chupa ya uji.

"Ameamkaje?"

"Hajambo, mama. Bado amelala. Niachie, nitampa mimi."

Mama akaacha uji, akaenda kazini kwake.

Saa tatu daktari akafika kitanda cha tisa. Akasoma karatasi, akavuta shuka, akagusa shingo ya bibi. Akampa sista ile karatasi. Sista hakupiga kelele. Alimwita mwanafunzi, akamwambia, "Mhesabie."

"Sista, mimi..."

"Dakika nzima. Halafu uandike ulichokiona."

Yule msichana akasimama pale, macho kwenye kifua cha bibi, saa mkononi. Dakika ikapita. Akaandika sifuri. Bibi alikuwa ameshapoa. Na siku nzima ya jana alikuwa anahema, watu watatu wamepita na kalamu, dawa ilikuwepo kabatini.

Msimhukumu haraka. Nami nikifikiria habari hii napata aibu, maana sisi hapa tuna karatasi zetu. Kila mwezi jumuiya zinaniletea taarifa: washarika wote wazima, hakuna tatizo. Mwezi wa pili, wote wazima. Mwezi wa tatu, wote wazima. Mwandiko mzuri kweli. Tunakutana mlangoni, tunaulizana hali, mtu anajibu "salama" na sisi tumeshampita hatua tatu. Nani kati yetu amesimama dakika nzima mbele ya mwenzake?

Yule mjane wa nyumba ya kona, nyuma ya kiwanda cha matofali, hajaingia kanisani humu tangu Pasaka. Jumuiya yake imeandika kwamba ni mzima. Nauliza: nani amemwona kwa macho yake?

Nasubiri.

Hakuna. Wala mimi sijamwona, na taarifa zile nimezisoma mbele yenu kwa sauti, mkaitikia amina. Basi leo sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Baada ya wimbo wa mwisho navua kanzu hii, naenda kumgongea. Anayeweza kutembea, tufuatane.