Kamba ya Kitambaa Chekundu

Kamba mbovu hukatwa, haiwekwi. Leo asubuhi mmemsikia Bi Saumu akiyasema maneno hayo mbele ya kamati ya ufuo, walipokuwa wakijadili habari za yule mlinzi wa waogeleaji anayekuja kazini amelewa. Nyinyi mkaangua kicheko, kwa kuwa hapakuwa na mtu anayezungumzia kamba. Haya, kaeni basi. Methali hii ina mwanzo wake, na siku ilipozaliwa hakucheka mtu.

Mama yake Bi Saumu aliitwa Mejumaa. Yeye na mdogo wake, Mbwana, ndio waliokuwa wakiwapandisha wageni jabali la Mkumbi, lile lililosimama ufuoni urefu wa minazi miwili. Kamba hupitishwa kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa juu ya jabali. Ncha moja hufungwa kwenye mkanda wa kiunoni wa anayekwea, na ya pili hushikwa na mtu aliye chini, ambaye huivuta kadiri mwenzake anavyopanda. Mkono ukiteleza, kamba humdaka. Isipomdaka, na maji yakiwa yamekupwa, chini kunamngoja matumbawe.

Sasa, chumvi na jua hula kamba, na ukingo wa jiwe huimaliza. Kwa hiyo Mejumaa alikuwa na sheria aliyorithi kwa mwalimu wake: kamba ikijeruhiwa hukatwa saa ileile, vipande visivyozidi urefu wa mkono, ili asitokee mtu wa kuitamani tena. Kisu cha kazi hiyo kilining'inia msumarini kwenye mlango wa stoo. Alikuwa amezikata kamba kumi na kitu kwa kisu hicho, na hakuna aliyethubutu kumwomba hata moja.

Ikabaki ile ya buluu. Iliumia mahali pamoja tu, karibu na ncha, ganda likachanika na nyuzi nyeupe za ndani zikachungulia. Kwingine kote ilikuwa nzima. Mejumaa alichukua kisu, akaipapasa kamba, akakirudisha kisu msumarini. Alijiambia itafaa. Itafaa kufundishia watoto mafundo, itafaa kuanikia nguo. Hiyo "itafaa" imeua watu wengi kuliko papa, na bado tunaifuga majumbani mwetu. Akaifunga kitambaa chekundu kwenye ncha, akaisukuma chini ya benchi, akamwambia Mbwana isiguswe. Mbwana aliitikia huku anapiga mswaki, na mtu anayeitikia na mswaki mdomoni mnajua amesikia kiasi gani.

Miezi minne ikapita. Sikukuu ya Idi wageni wakafurika. Mejumaa alikuwa amewapeleka baadhi yao kutazama mapango upande wa pili wa ufuo. Huku nyuma kamba zote zilikuwa na watu, waliobaki walikuwa wamejipanga juani wakinung'unika, na Mbwana alikuwa mtu asiyeweza kuvumilia kunung'unikiwa. Akaingia stoo. Akaivuta ile ya buluu, akaiona inang'aa, akakifungua kile kitambaa na kukitupa wageni wasije wakauliza maswali. Akazunguka kwa njia ya mbuzi iliyo nyuma ya jabali, akaipitisha kwenye pete, kisha akamwita mpwa wake Saumu, binti wa miaka kumi na minane, alipande kwanza wageni waone inavyofanywa, yeye mwenyewe akashika ncha ya chini.

Mejumaa aliporudi, kitu cha kwanza kukanyaga kilikuwa kitambaa chekundu.

Akainua macho. Mwanawe alikuwa juu, amepita nusu ya jabali, na lile jeraha jeupe lilikuwa kwenye kamba mbele ya paji la uso wake, urefu wa mkono mmoja tu juu ya fundo la mkandani. Saumu alikuwa amechoka. Alianza kurudisha mwili nyuma ili aikalie kamba apumzike, kama alivyokuwa akifanya kila siku.

"Saumu, usiikalie kamba," Mejumaa alisema. Hakupiga kelele, maana kelele ingemshtua. "Shika jiwe. Hesabu kwamba kamba haipo."

"Mama, mikono imeisha."

"Haijaisha. Shika."

Kamba moja ilikuwa ndiyo kwanza inafunguliwa kwa mgeni aliyeshuka. Mejumaa akaipokonya, hakuomba radhi, akaikimbilia njia ya mbuzi na kamba begani. Miguu ilimchanika na hakujua. Kule juu akaipitisha kwenye pete, akashika ncha moja na kuitupa nyingine chini ikiwa na fundo tayari na ndoana yake ya chuma. Saumu aliachia mkono mmoja, akaikosa ndoana, akaikosa tena, mara ya tatu akaipachika kwenye mkanda wake. Hapo ndipo alipoliachia jiwe. Mama yake akamteremsha mwenyewe, pole pole, hadi mchangani.

Kisha akashuka, akapitia mlango wa stoo, na alipofika mbele ya Mbwana kisu kilikuwa mkononi. Watu wakarudi nyuma. Hasira zake siku hiyo, wallahi, zilikuwa za haki. Alikuwa tayari kumpiga ndugu yake mbele ya wageni na sikukuu iharibike.

"Nilikwambia isiguswe."

"Uliniambia," Mbwana alisema. Macho yalikuwa yamemwiva, naye hasira ilimpanda. "Nimekosea, dada, na Mungu ameniona. Lakini nijibu. Ulijua kwamba ni mbovu?"

"Nilijua."

"Kisu kilikuwa wapi?"

Mejumaa alikitazama kisu mkononi mwake.

"Mimi nimeitumia mara moja," Mbwana alisema. "Wewe umeiweka miezi minne."

Ile hasira yote aliyokuja nayo Mejumaa ikakosa pa kwenda, ikamgeukia mwenyewe. Akaivuta kamba ya buluu ikaanguka yote, akaketi mchangani na kuanza kuikata. Alipofika pale penye jeraha aliweka kisu chini. Akaikanyaga kamba kwa mguu, akaivuta kwa mikono miwili, ikakatika. Saumu alikuwa amekaa pembeni yake akitazama. Mama mtu akavitazama vile vipande viwili, akasema maneno yale mliyoyasikia asubuhi, na hakuwa akimwambia Mbwana.

Tangu hapo watu wameyachukua wakayatumia vibaya. Mtu akiiba, akilewa, akidanganya, humtupia yeye methali hiyo, kana kwamba kamba inaweza kujikata. Mngekuwa na macho asubuhi mngeona kwamba Bi Saumu hakumtazama yule mlevi hata mara moja. Mwaka wa pili huu wanamwonya, wanamsamehe, wanasema atatufaa msimu wa wageni wengi, na watoto wetu wanaogelea pale kila siku. Bi Saumu aliwatazama wanakamati, mmoja baada ya mwingine, ndipo akasema: kamba mbovu hukatwa, haiwekwi.