Dereva na Mita Aliyoilaza

Mjane mmoja, Mama Sekela, aliachiwa pikapu na marehemu mumewe, na yeye mwenyewe hakujua kuendesha. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuwa shamba lake. Ilibeba viazi vya watu kutoka milimani hadi sokoni, na kwa hiyo akala na watoto wakasoma. Akamkabidhi ufunguo jirani yake Lutufyo, baba yake Atu, mtu mwenye mke na heshima zake, akamwomba aitunze kama yake.

Kuhusu injini mama huyu alijua jambo moja tu, alilofundishwa na marehemu: mita ikifika namba fulani, oili ibadilishwe, la sivyo injini hufa. Basi kila Jumapili akitoka kanisani alipita uani, akachungulia kwenye dashibodi na kuzisoma zile tarakimu zinazohesabu kilomita. Hakuwa akimchunguza dereva, alikuwa akiiangalia injini. Lutufyo ndiye aliyejihisi anachunguzwa.

Alikuwa na sababu. Siku moja wakweze, waliokaa ng'ambo ya milima, walimwona akishuka kwenye pikapu ile, na baba mkwe akasema mbele ya watu kwamba binti yake kaolewa na mwenye gari. Lutufyo akanyamaza. Kunyamaza ni kazi nyepesi, nanyi mnaijua. Lakini tangu siku hiyo ikambidi kila aendapo ukweni aende na gari. Petroli ya safari hizo alijitilia mwenyewe, na kwa hilo akajiona mwaminifu kabisa. Zikabaki tarakimu za Jumapili.

Akalala chali chini ya gari, akafungua kwa vidole nati ya kebo, ule waya utokao kwenye gia boksi na kuizungusha mita. Kebo ikining'inia, gari huenda na mita hulala. Akirudi aliifunga, akanawa mikono, akaenda kumsalimia mama. Mara ya kwanza alingoja hadi njia iwe tupu. Baadaye alifungua huku akipiga mluzi.

Lakini kebo haikutengenezwa ili ifunguliwe na kufungwa kila mara. Vumbi likaingia, waya wa ndani ukachakaa, meno ya gia ndogo ndani ya mita yakalika. Siku moja akaifunga kama kawaida, nayo haikuamka tena. Sasa hata safari za halali hazikuhesabiwa. Kwa fundi aliogopa kwenda, maana angeulizwa ilikuwaje. Akaacha. Oili ikazidi kuwa nyeusi, na tarakimu zikaendelea kusema kwamba bado ni mpya.

Ikatokea mama mwenyewe akapanda pikapu hiyo kwenda mazikoni, mbali kidogo, na Jumapili akakuta namba ni ileile. Hakumshuku mtu. Alidhani mita imechoka kwa uzee, akaomba waende wote kwa fundi.

Fundi akaifungua dashibodi, akaweka gia nyingine na kebo mpya, akapaka grisi, akauzungusha waya kwa mkono. Tarakimu ya mwisho ikasogea. Mama akafurahi kama aliyemwona mgonjwa wake akifumbua macho. Kisha fundi akauliza aiweke mita kwenye namba gani, kwa kuwa akiiacha pale ilipolala hawatajua oili imetembea kiasi gani. Mama akamgeukia Lutufyo.

“Baba Atu, wewe ndiye unayeendesha. Mwambie fundi.”

Hapakuwa na mtego katika maneno hayo, na ndiyo maana yalimchoma. Akitaja namba ndogo, heshima yake itabaki nzima, na injini ya mjane itamfia mikononi. Akitaja ya kweli, wote watajua kwamba viazi havijapata kwenda mbali hivyo. Fundi akaanza kuzisukuma tarakimu kwa bisibisi, akingoja kuambiwa basi. Zikafika mahali ambapo, hata kwa makisio ya mama, safari za sokoni zilikuwa zimekwisha. Fundi akainua bisibisi. Lutufyo alikuwa anaitazama miguu yake.

“Ongeza,” akasema.

Fundi akaongeza, akasimama tena, na tena akaambiwa aongeze. Mama Sekela alizitazama tarakimu zikipita na hakumtazama yeye hata mara moja. Lutufyo aliona aibu ambayo hajapata kuiona, kama amevuliwa nguo mbele ya mama yake mzazi. Hata hivyo hakusema basi mpaka namba ilipotimia.

Oili ikamwagwa palepale, nzito kama lami. Mama akampa tena ufunguo, na angemfukuza ingekuwa nafuu kwake. Jumapili iliyofuata hakupita uani. Lutufyo akangoja, hatimaye akaenda mwenyewe mlangoni kumsomea namba, na hivyo akafanya kila Jumapili. Kila alipoosha gari alipitisha mkono kwenye nati ya kebo kuona kama imekaza. Ukweni alikwenda kwa miguu, akamwambia baba mkwe gari ni la nani. Mita ile ingali inatembea.

Nanyi mnaonisikiliza, mita mlizozilaza mnazijua wenyewe. Siku mtakapoulizwa namba na mtu anayewaamini, na bisibisi imesimama mahali panapowapendeza, nani kwenu atafungua kinywa aseme, ongeza?