Kisima cha Bungeni

Kufuta kauli hakukati kiu. Mmeisikia kijiweni, mkacheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na kabla hamjamcheka Chisanza wa kijiji cha Mhelwa, jueni hukiri mwenyewe kwamba mjinga wa siku ile alikuwa yeye.

Mbunge wao alisimama bungeni akasema Mhelwa wana kisima, na maji yanamwagika hadi mbuzi wanaringa. Kisima hakikuwapo. Lakini kwa kuwa kimesemwa bungeni, mtambo wa kuchimba uliokuwa uje Mhelwa ukageuziwa wilaya nyingine. Wanawake wakaendelea kufukua mchanga wa korongo na kuchota matope kwa kata.

Chisanza akawaza: uongo ukianguka, mtambo utarudi. Akauza beberu apate nauli, akampelekea mbunge wa jimbo jirani chupa ya yale matope, kisha akaketi roshani ya wageni bungeni, viatu vya kuazima vikimbana.

Mbunge wa jirani akainua chupa, akasema maji ya Mhelwa ndiyo haya. Spika akamgeukia yule mwenye kisima chake.

“Mheshimiwa, thibitisha au ufute kauli.”

“Mheshimiwa Spika, nafuta kauli.”

Akaketi, akamnong'oneza mwenzake, wakacheka.

Chisanza hakujiweza, akapiga makofi. Kumbe kule mgeni hapigi makofi. Askari akamshika kiwiko.

“Twende nje, mzee.”

“Mimi? Aliyedanganya si yule pale?”

“Yule amefuta kauli. Wewe makofi yako utayafutaje?”

Hata hivyo alirudi kwao akitembea kama bwana harusi. Alimkuta mkewe, Mama Yona, korongoni, amezama shimoni hadi kiunoni, akingoja maji yajikusanye.

“Tumeshinda, Mama Yona. Amefuta kauli, mbele ya Spika.”

“Mtambo unakuja lini?”

Chisanza akakohoa. “Nilipita ofisi ya maji. Umeshachimba kule wilaya nyingine. Sisi wanasema tuombe upya, tusubiri zamu.”

“Na yeye?”

“Yeye bado mbunge. Lakini uongo umefutwa, mke wangu. Huo nao ni ushindi.”

Mama Yona aliinama shimoni. Kisha akachota, akamnyooshea kata. Matope yalikuwa yaleyale ya kwenye chupa.

“Kunywa ushindi wako, Baba Yona. Kufuta kauli hakukati kiu.”